Sinema ya Gladiator na Historia ya Roma

Katika sinema zinazoonyesha habari za kale, si nyingi zilizopendwa na watu kama ile iitwayo Gladiator, iliyotolewa mwaka wa 2000. Aliyeiongoza ni Mwingereza, Ridley Scott, nayo ilipata tuzo tano za Oscar huko Marekani, mojawapo ikiwa ya sinema bora ya mwaka, na nyingine ya mchezaji bora, Russell Crowe. Tangu hapo imekwenda mbali. Imeonyeshwa katika majumba makubwa ya mijini, na katika mabanda ya picha ya miji midogo. Na vijana wengi wasiomjua Kaisari hata mmoja, ila wale waliotajwa katika Injili na Matendo, wanamjua Maximus, jemadari aliyefanywa mtumwa. Kwa hiyo twaona yafaa kuitazama sinema hii kwa makini: tuseme uzuri wake, maana uzuri inao mwingi; kisha tuipime kwa historia, tuone ni wapi inatupa kweli na ni wapi inatupa hadithi.

Neno gladiator ni la Kilatini, latoka katika neno gladius, maana yake upanga. Ndiye mtu wa upanga, aliyepigana uwanjani mbele ya watazamaji. Wengi wao walikuwa watumwa, mateka wa vita, au watu waliohukumiwa kwa makosa. Lakini wengine walikuwa watu huru waliojifunga kwa mapatano, kwa kutaka fedha au sifa.

Habari ya sinema yenyewe ni hii. Mwaka wa 180 baada ya Kristo, Kaisari Marcus Aurelius, mzee mwenye hekima, yuko vitani katika nchi ya Wajerumani wa kale. Jemadari wake Maximus, mtu wa Hispania, anawashinda adui katika vita vikali msituni. Kaisari anampenda kuliko mwanawe mwenyewe, Commodus, naye anataka kumkabidhi mamlaka ili ayarudishe mikononi mwa baraza la wazee wa Roma, lililoitwa Seneti. Commodus anapoambiwa hayo anamziba baba yake pumzi mpaka afe, kisha anaamuru Maximus auawe. Maximus anaokoka, lakini afikapo kwake anakuta shamba limechomwa moto, mke na mtoto wameuawa. Huko anaokotwa na wafanya biashara wa watumwa, anapelekwa Afrika ya Kaskazini, na kuuzwa kwa Proximo, mwenye kufundisha wapiganaji. Kwa nguvu na kwa akili anapanda ngazi mpaka Roma, katika uwanja mkubwa, na huko anakutana uso kwa uso na yule aliyewaua watu wake. Mwisho wao wote wawili wanakufa juu ya mchanga wa uwanja.

Uzuri wa kwanza wa sinema hii ni kwamba inatupa macho. Shuleni historia ya Roma huwa ni orodha ya majina na miaka. Mtoto huikariri leo, na kesho imekwisha kumtoka. Hapa anaona matope, moshi, pumzi za farasi katika baridi, na askari wakijipanga kimya wakingojea amri. Vita ile ya msituni ilipigwa picha Uingereza, karibu na mji wa Farnham. Mambo ya Afrika yalipigwa picha Moroko. Na mji wa Roma ulijengwa kisiwani Malta, penye ngome ya zamani. Uwanja mkubwa haukujengwa mzima. Mafundi walijenga sehemu ya ukuta wake wa chini tu, na sehemu za juu, pamoja na maelfu ya watazamaji, zikaongezwa kwa kompyuta. Walakini atazamaye haoni mshono.

Wala ukubwa ule haukutiwa chumvi. Uwanja wa kweli, tuuitao leo Colosseum, ungali umesimama Roma ingawa umebomoka upande mmoja. Urefu wake ni mita 189, upana mita 156, na kimo chake kinakaribia mita 50. Ulikuwa na milango 80 ya kuingilia, nao uliweza kuchukua watu wapatao 50,000. Kaisari Vespasian ndiye aliyeanza kuujenga, na wataalamu wengi wanaona kwamba fedha zake zilitokana na nyara za vita ya Uyahudi, vita ile iliyoangamiza hekalu la Yerusalemu mwaka wa 70. Mwanawe, Titus, aliufungua mwaka wa 80 kwa michezo ya siku 100. Na mwandishi Cassius Dio asema kwamba katika michezo hiyo waliuawa wanyama 9,000.

Uzuri wa pili ni jinsi sinema inavyoonyesha nguvu ya umati. Proximo, ambaye zamani alikuwa mpiganaji mwenyewe, anamfundisha Maximus kwamba kuua upesi hakutoshi. Apendwaye na watu ndiye apataye uhuru wake. Hilo ni kweli ya historia. Raia wa Roma wa siku zile hawakumchagua Kaisari wala hawakuweza kumwondoa kwa kura. Uwanjani ndipo walipomwona kwa macho, wakampigia kelele za furaha au za chuki, naye akajua moyo wao. Kwa hiyo makaisari walitumia mali nyingi kwa michezo. Maana mtu aliyeshiba na kuchekeshwa hana haraka ya kuuliza maswali.

Tena sinema hii haituachi sisi watazamaji tukae salama. Kuna mahali Maximus, akiisha kuwaua wapinzani wake wote, anautupa upanga kwenye jukwaa la wakubwa na kuwauliza watu kama hawajafurahi bado. Umati unanyamaza, kisha unashangilia. Tukiwa waaminifu tutakubali kwamba swali lile latuhusu na sisi. Kwa kuwa tulikuwa tukiwalaumu Warumi kwa kupenda damu, na huku sisi wenyewe tulikuwa tumesogea mbele katika viti vyetu.

Uzuri wa tatu ni mdogo, nao tunaupenda kuliko yote. Maximus anachukua sanamu ndogo za mke na mtoto wake, na kila usiku anaziweka mbele yake na kuomba kwa wazee wake waliokufa. Ndivyo Warumi wengi walivyoishi kabla ya kuipokea Injili: walikuwa na miungu ya nyumba, wakawakumbuka wafu wa ukoo kwa vyakula na vinywaji siku maalumu za mwaka. Mzee wa kijiji chochote cha Afrika angelifahamu jambo hilo bila kufafanuliwa. Na mwenye kuzika sanamu zile katika mchanga, Maximus akiisha kufa, ni mwenzake Mwafrika, aitwaye Juba, ambaye mchezaji wake, Djimon Hounsou, alizaliwa Benin. Jina la Juba halikuokotwa tu. Wafalme wawili wa kale wa Afrika ya Kaskazini waliitwa hivyo, na wa pili wao alikuwa mtu wa elimu aliyeandika vitabu vingi.

Basi, hayo ndiyo mema yake. Sasa tuipime kwa historia.

Maximus hakuwako. Ni mtu wa kubuniwa, ingawa majemadari wa namna yake walikuwako. Marcus Aurelius hakuwaza kumnyima mwanawe ufalme. Alikuwa amekwisha kumfanya Kaisari mwenzake tangu mwaka wa 177, miaka mitatu kabla ya kufa. Alikufa tarehe 17 Machi, mwaka wa 180, akiwa mgonjwa, wakati tauni ilikuwa imeisumbua dola kwa miaka mingi. Dio anaandika kwamba aliambiwa waziwazi kuwa matabibu walimwua ili kumpendeza Commodus. Lakini habari ya mwana kumziba baba yake pumzi haimo katika vitabu vya kale.

Lucilla, dada yake Commodus, katika sinema anaishi mpaka mwisho na kumwombolezea Maximus. Lucilla wa kweli alikula njama ya kumwua ndugu yake, miaka kama miwili hivi baada ya kifo cha baba yao. Mtu aliyetumwa kuchoma kisu alisimama kwanza kutoa maneno, kwamba kisu hiki kimeletwa na Seneti. Na kabla hajamaliza maneno alikuwa amekwisha kukamatwa. Lucilla alihamishwa mpaka kisiwa cha Capri, akauawa huko.

Commodus naye hakufa baada ya muda mfupi kama sinema inavyotudhania, bali alitawala peke yake zaidi ya miaka kumi na miwili. Kwamba yeye, aliye Kaisari, alishuka uwanjani na kupigana, wengi wanadhani ni uzushi wa watunga sinema, kumbe ni kweli tupu. Alijilipa kutoka hazina ya wapiganaji sesterti milioni moja kwa kila siku aliyopigana, fedha zaidi ya mshahara wa mwaka mzima wa askari 800.

Dio, aliyekuwa mjumbe wa Seneti na kuketi uwanjani siku hizo, ametuachia kisa kimoja. Commodus alimwua mbuni, akamkata kichwa, akaja mpaka pale walipoketi wajumbe, mkono wa kushoto umeshika kichwa, na wa kulia umeinua upanga wenye damu. Hakusema neno, alitikisa kichwa chake tu, akikenua meno, kana kwamba anawaambia kuwa nao atawafanyia vivyo hivyo. Wajumbe walishikwa na kicheko kuliko hofu, na lau wangalicheka wangalikufa papo hapo. Ndipo Dio alipong'oa majani katika taji alilovaa, akayatafuna, akawashauri waliokaa karibu naye wafanye hivyo, ili kutafuna kufiche kucheka. Twaona kwamba kisa hiki chatufundisha habari za mtawala mkatili kuliko mapigano yote ya sinema. Watu wazima, wenye heshima na mali, wanatafuna majani kama mbuzi, ili wasionekane kuwa wana akili zao.

Alikufa tarehe 31 Desemba, mwaka wa 192, si uwanjani bali nyumbani kwake. Suria wake, Marcia, alimpa sumu. Alipoitapika, mcheza mieleka aitwaye Narcissus aliletwa akamnyonga. Wala Seneti haikurudishiwa mamlaka, kama sinema inavyotaka tutumaini. Aliyemfuata, Pertinax, aliuawa baada ya miezi mitatu hivi, kisha askari walinzi waliinadi dola yenyewe kama mtu anadivyo mbuzi sokoni, na tajiri mmoja, Didius Julianus, akainunua. Hakuikalia hata miezi mitatu. Aliyeishika baada yake na kuiimarisha ni Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, katika nchi tuiitayo leo Libya. Hivyo fujo ile ilikomeshwa na mtu wa Afrika ya Kaskazini, na sinema haikufika huko.

Mtu aweza kusema: mtunga hadithi ana ruhusa yake. Twakubali. Asiyebadili neno ataandika kitabu cha miaka na tarehe, na watu watalala. Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya tarehe. Sinema imegawanya watu mafungu mawili: Kaisari mzee ni mwema, Kaisari kijana ni mwovu. Je, historia yagawanya hivyo?

Marcus Aurelius alikuwa mtu bora kweli. Aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kujishauri mwenyewe, ambacho kingali kinasomwa. Na waandishi wa kale wasimulia kwamba alinadi vyombo vya thamani vya nyumba ya kifalme ili kulipia vita, asiwatwishe watu kodi mpya. Lakini mwaka wa 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, ghasia ziliwaangukia Wakristo. Liwali alipomwandikia Kaisari kuuliza afanye nini, Marcus alijibu kwamba wakanao waachwe, na wakiriao wauawe. Askofu wao, Pothinus, mzee aliyepita miaka 90, alikwisha kufa gerezani kwa mapigo. Kijakazi mmoja, Blandina, mwenye mwili dhaifu hata wenzake walihofu kwamba hataweza, aliwachosha watesaji wake kutoka asubuhi mpaka jioni; na siku ya mwisho alifungwa katika wavu na kutupwa mbele ya fahali. Kaisari mwenye hekima hakumwona Blandina. Alikuwa mbali, naye alijibu barua.

Tutazame tena mwaka ule ule sinema inapoanza, yaani mwaka wa 180. Tarehe 17 Julai, miezi minne kamili baada ya kifo cha Marcus, watu kumi na wawili, wanaume saba na wanawake watano, walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus huko Carthage, katika Tunisia ya leo. Walitoka mahali padogo palipoitwa Scilli, ambapo leo hapajulikani hasa palipokuwa. Msemaji wao alikuwa Speratus. Liwali alipouliza ni vitu gani walivyo navyo katika kisanduku chao, alijibiwa kwamba ni vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu wa haki. Liwali hakuwa mkali; aliwapa siku 30 za kufikiri. Walizikataa, wakauawa kwa upanga siku ile ile. Maandishi ya hukumu yao ni mafupi, hayazidi ukurasa mmoja au miwili, nayo ni katika hati za kale kabisa za Wakristo zilizoandikwa kwa Kilatini. Majina yote kumi na mawili yamo, na mengine, kama Nartzalus, si ya asili ya Kilatini. Walikuwa wenyeji wa Afrika.

Na huyu Commodus mwovu? Siku za mwisho za utawala wake, Marcia, yule suria, alimwita Victor, askofu wa Roma, ambaye mapokeo yasema alikuwa mtu wa Afrika, akamwomba orodha ya Wakristo waliofungwa kufanya kazi katika machimbo ya kisiwa cha Sardinia. Akampelekea Commodus maombi, naye akakubali, wakafunguliwa. Mmoja wao, Callistus, baadaye akawa askofu wa Roma. Basi Kaisari mwovu aliwafungua wafungwa, na Kaisari mwema aliruhusu wauawe. Na mwanamke aliyewaombea wafungwa ndiye aliyempa bwana wake sumu. Mambo kama haya hayaingii kwa urahisi katika sinema ya saa mbili na nusu.

Lakini tusidhani kwamba ni watunga sinema tu wanaochagua. Wazee husema, Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Dio alikuwa mjumbe wa Seneti, na Commodus aliwaua wajumbe wengi. Hakuwa na sababu ya kumsifu. Habari za Lyon ziliandikwa na Wakristo waliosalia, nao walilia wafu wao. Kila mmoja ameivuta ngozi upande wake. Kazi ya msomaji wa historia ni kuzisikiliza ngoma zote, kisha kusema: hapa wanapatana, hapa wanapingana, na hapa hapana aliyesema neno.

Tena hapo pa kunyamaza ndipo penye uchungu. Wapiganaji walioingia katika viwanja vya dola ile kwa miaka mamia walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakuacha hata jina. Katika mji wa Efeso, ule ambao Paulo aliuandikia waraka, mwaka wa 1993 yaligunduliwa makaburi ya wapiganaji. Mifupa yao yaonyesha majeraha yaliyotibiwa vizuri yakapona, na mengine yasiyopona. Yaonyesha pia kwamba walikula nafaka kuliko nyama; na kweli vitabu vya kale vyawataja kwa utani kuwa wala shayiri. Huu ndio ushahidi wao: mifupa iliyounganishwa na tabibu, na chakula cha maskini. Gladiator imewapa watu hao uso, nasi twaishukuru kwa hilo. Lakini uso ule ni wa Maximus, ambaye hakuwako. Na leo anajulikana duniani kote kuliko Blandina na Speratus na Nartzalus, waliokuwako.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji, nafasi ikipatikana, waitazame sinema hii pamoja na vijana wao wakubwa, maana damu yake haiwafai watoto wadogo. Waifurahie bila haya. Lakini ikiisha, taa zikiwashwa, mmoja aulize: nani hakuonekana? Na atakayejibu aseme habari za watu kumi na wawili wa Scilli. Hao hawakuwa na jeshi wala uwanja, na hata mji wao umepotea. Walikuwa na kisanduku cha vitabu, na siku ile barazani palikuwa na karani aliyeandika majina yao yote, asimwache hata mmoja. Bila kalamu ya karani yule tusingalijua kwamba waliishi. Vijijini mwetu pia wamo wazee ambao habari zao hapana sinema itakayozionyesha. Wangali hai, na kalamu tunazo.